Sanaa kwa Wavulana, Ufundi kwa Wasichana: Asili ya Mgawanyo Mmoja katika Madarasa ya Likizo

Shule zifungwapo mwanzoni mwa Julai, watoto wa Kisangani hubaki na miezi miwili isiyo na kazi, na ndipo maparokia na vituo vya vijana hufungua madarasa ya muda ya kazi za mikono. Msomaji aliyelelewa katika mojawapo ya miji yetu hahitaji kuelezwa jinsi madarasa hayo yapangwavyo mara nyingi. Penseli na rangi huwekwa upande mmoja, sindano na uzi upande wa pili. Wavulana huelekea kule, wasichana huelekea huku. Ni nadra mtu kuuliza sababu. Ukiuliza, utajibiwa kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani za mababu.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Mgawanyo huo una umri unaoweza kuhesabika, na sehemu yake kubwa ilitengenezwa mijini, katika kipindi kifupi cha kati ya 1946 na 1960. Jambo hili si la udadisi tu. Ikiwa kesho wazazi wa Bangboka, karibu na uwanja wa ndege, watataka kuwafungulia watoto wao darasa la likizo, watarithi mpango huo bila kujua waliurithi kwa nani.

Tuanze na maneno, kwa kuwa ndiyo tuliyonayo karibu. Neno sanaa tulilipata kwa Kiarabu, na huko asili yake ni kazi ya mkono iliyo na ustadi: kazi ya mhunzi, ya mfumaji, ya mfua fedha. Neno fundi ni letu, la mzizi mmoja na kufunda, kufundisha, mafunzo na mwanafunzi. Fundi ni mtu aliyefundwa, naye kwa zamu yake hufunda wengine. Katika maneno haya mawili hakuna hata moja lililo juu ya mwenzake. Lugha za watawala, kwa upande mwingine, zilikuwa na maneno mawili yenye hadhi mbili: moja la kazi inayotundikwa ukutani na kutiwa saini, jingine la kazi inayotumiwa na kuchakaa. Tulipoyapanga maneno yetu sambamba na ya kwao, tofauti ya hadhi ikayaangukia yetu pia. Leo mwanafunzi wa chuo kikuu akisema "sanaa" humaanisha picha, na akisema "ufundi" humaanisha kiti.

Mambo yalikuwaje kabla ya hapo? Barabara ipitayo Bangboka huendelea mashariki hadi Bafwasende, Nia-Nia, Epulu na Mambasa, ndani ya msitu wa Ituri. Huko Wambuti wametengeneza kwa vizazi vingi nguo za magome ya miti ambazo leo zimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Wanaume ndio walioyatwanga magome mpaka yakalainika. Wanawake ndio waliochora juu yake, kwa vidole na vijiti, kwa rangi nyeusi iliyokamuliwa katika matunda ya msituni: mistari inayokatika ghafula, nukta, vyandarua vya miraba isiyolingana. Kwa Wakuba wa Kasai, wanaume husuka kitambaa cha rafia na wanawake hukitarizi, na ni utarizi huo uliowashangaza wachoraji wa Ulaya mwanzoni mwa karne ya ishirini. Sidai kwamba kazi hazikugawanywa kwa jinsia. Ziligawanywa, tena kwa ukali mahali pengine. Lakini katika mifano hii miwili, mikubwa na inayojulikana sana, kalamu ilikuwa mkononi mwa mwanamke.

Hata wakati wa ukoloni mambo hayakubadilika mara moja. Mwaka 1926, huko Bukama katika Katanga, mtumishi wa serikali ya Kibelgiji aitwaye Georges Thiry aliona michoro kwenye kuta za nyumba, akawapa wachoraji karatasi na rangi za maji. Miongoni mwao walikuwapo mtu na mkewe: Albert Lubaki, aliyekuwa mchongaji wa pembe za ndovu, na Antoinette Lubaki. Wote wawili walichora. Picha za Albert zilipelekwa Ulaya na kuonyeshwa Bruseli mwaka 1929. Za Antoinette zilisubiri muda mrefu zaidi kutajwa kwa jina lake. Mchoraji mwingine mashuhuri wa miaka hiyo, Djilatendo wa Kasai, alikuwa fundi cherehani. Mchonga pembe, mke wake na mshona nguo: hao ndio wachoraji wa kwanza wa karatasi tunaowajua katika Kongo. Hapo bado hapakuwa na chumba cha sanaa na chumba cha ufundi.

Vyumba viwili vilijengwa mwaka 1946, na kwa mapenzi ya historia vilijengwa mwaka uleule. Huko Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa zamani afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana iliyokuja kujulikana kama Le Hangar. Huko Usumbura, ambao leo ni Bujumbura, mji ambao lugha yake ya mtaani ilikuwa Kiswahili, ilianza kazi Foyer Social, nyumba ya mafunzo kwa wanawake wa mjini. Sijasoma popote kwamba walioongoza nyumba hizi mbili walijuana. Hawakuwa na haja ya kujuana. Walikuwa chini ya utawala mmoja na mawazo mamoja.

Katika Le Hangar waliingia wanaume. Pilipili Mulongoy alichora samaki, ndege na nyoka kwa nukta ndogondogo mpaka maji yenyewe yakaonekana kutetemeka. Bela alichora kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijaza picha zake kwa mistari mifupi iliyopishana, hata anayezitazama kwa karibu huona kama mkeka. Romain-Desfossés alijisifu kwamba hawafundishi. Alitaka wachore yaliyomo vichwani mwao na wasiige picha za Wazungu. Mawazo hayo yamesifiwa sana, na yanastahili sifa kiasi. Lakini yalikuwa na upande wa pili: aliwahesabu wanaume hao wazima kuwa kama watoto wake, na wanunuzi aliowatafutia walikuwa Wazungu. Alipofariki mwaka 1954, karakana haikuweza kusimama peke yake, ikaingizwa katika chuo cha sanaa ambacho Laurent Moonens alikuwa amekifungua mjini humo mwaka 1951. Hata hivyo wachoraji wake walipata kitu kimoja kikubwa: majina yao yalibaki chini ya picha.

Katika Foyer Social waliingia wanawake, hasa wake za makarani na mafundi wa mjini. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt ameichunguza nyumba ya Usumbura kuanzia 1946 hadi 1960, na nyumba za aina hiyo zilikuwapo katika miji mikubwa ya Kongo ya Kibelgiji, Stanleyville ikiwemo. Masomo yalikuwa kushona, kutia viraka, kufuma, kupiga pasi, kupika na kulea watoto. Waalimu wa Kibelgiji waliwatembelea wanafunzi majumbani ili kuona kama masomo yanatekelezwa. Hapa hakuna aliyesema "sifundishi". Kila kitu kilifundishwa, hata namna ya kuketi mezani na mume. Hakuna aliyeambiwa achore yaliyomo kichwani mwake. Na kazi ilipokwisha haikutiwa saini.

Tofauti hii ya pili ndiyo inayonishughulisha kuliko ile ya kwanza. Mwanamume alipewa uhuru bila mafunzo. Mwanamke alipewa mafunzo bila uhuru. Kila mmoja alinyimwa nusu ya kile ambacho neno kufunda huhitaji.

Ingia sasa sebuleni katika nyumba nyingi za mjini kwetu. Juu ya makochi kuna vitambaa vilivyofumwa kwa mkono. Juu ya meza, kitambaa kilichotariziwa maua. Katika Shaba ya miaka ya 1970, juu ya vitu hivyo ukutani palikuwa na picha ya rangi iliyonunuliwa kwa mchoraji wa mtaani: nguva, au askari wa wakati wa Wabelgiji akisimamia kiboko, au mji wa zamani. Picha hizo ziliitwa ukumbusho, neno la Kiswahili ambalo wenye nyumba na wachoraji walilitumia wenyewe. Johannes Fabian, akiwa Lubumbashi, alizungumza na mmoja wa wachoraji hao, Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa 1947, ambaye mwaka 1973 na 1974 alimchorea historia nzima ya nchi katika picha 101 na kumweleza kila moja kwa Kiswahili cha Shaba. Mazungumzo hayo yamekuwa hazina kwa wanaisimu. Kitabu kilitoka mwaka 1996, na matini yake ya Kiswahili yakachapishwa pia. Ninawashauri wanafunzi wetu wayasome kabla ya kuandika neno lolote kuhusu Kiswahili cha Kongo.

Lakini ona jambo hili. Picha na kitambaa vilikuwa katika chumba kimoja, vikimilikiwa na familia moja, vikimweleza mgeni habari zilezile za heshima ya nyumba. Picha ilipata mwanahistoria, mkanda wa sauti, kitabu na jumba la makumbusho huko Amsterdam. Kitambaa kilifuliwa, kikaanikwa, kikafuliwa tena mpaka kikaisha.

Huenda mtu akasema kwamba haikuwezekana kuwa vingine katika zama hizo. Mfano wa Kampala unakanusha. Margaret Trowell, Mwingereza aliyekuwa mke wa daktari wa Mulago, alianza kufundisha sanaa katika baraza ya nyumba yake katikati ya miaka ya 1930. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi zilionyeshwa Namirembe, mwaka 1939 zikaonyeshwa London, na darasa la barazani likawa shule ya sanaa ya Makerere. Humo walipita Gregory Maloba na Sam Ntiro, ambao nao wakawa waalimu. Trowell alikuwa na makosa yake, mojawapo likiwa kuamua yeye mwenyewe kipi ni cha Kiafrika na kipi si cha Kiafrika. Hata hivyo hakuweka ukuta kati ya picha na kikapu. Alisimamia jumba la makumbusho la Uganda, na mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za Uganda, ambamo ususi, ufinyanzi na utengenezaji wa ngoma vimechorwa kwa uangalifu, hatua kwa hatua. Mlango kwa wanawake, hata hivyo, haukufunguka upesi: Rosemary Karuga wa Kenya, aliyesoma hapo kuanzia 1950 hadi 1952, ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza. Baada ya hapo alifundisha shule kwa miaka mingi, na alipoirudia sanaa uzeeni alitengeneza picha kwa kukata na kubandika karatasi za kufungia sabuni na unga. Mkasi na gundi, yaani vifaa vya chumba cha wasichana.

Dar es Salaam nako, Nyumba ya Sanaa ya miaka ya 1970 iliweka batiki, uchapaji na uchongaji chini ya paa moja. George Lilanga, aliyekwenda hapo kama mlinzi, alitoka akiwa mchoraji anayejulikana duniani.

Tukirudi Kisangani, hatuwezi kusema mji hauna mfano wake. Baada ya vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigania mji usio wao, wengi waliamini kwamba sanaa ingekuwa jambo la mwisho kurudi. Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, alizihamishia hapa Studios Kabako mwaka 2006, na humo vijana wamejifunza dansi, maigizo, muziki na video. Katika dansi hakuna swali la chumba kipi. Mwili wa kila mtu huingia ukumbini. Madarasa yetu ya likizo hayajafikia hapo.

Kwa darasa la Bangboka vifaa si tatizo. Kekele, ile kamba ya msituni ambayo pwani huiita henzirani, hupatikana, rafia hupatikana, udongo upo. Gharama itakuwa ya karatasi na rangi, na kwa kuwa karatasi ni chache, ndipo mtu ataamua nani apewe. Ningependa waamuzi hao wakumbuke kwamba msichana anayetarizi huanza kwa penseli: huchora ua au ndege juu ya kitambaa, kisha huufunika mchoro huo kwa uzi. Yeye amekwisha kuchora kabla mvulana wa chumba cha pili hajanoa penseli yake.

Kuna kazi nyingine, nayo ni yetu sisi wa chuo kikuu. Mwanamke aliyekuwa na miaka 20 katika foyer ya Stanleyville mwaka 1958 sasa anakaribia 90. Anayajua majina ya mishono kwa Kiswahili, kwa Kilingala na kwa Kifaransa, anamjua aliyemfundisha, na anakumbuka ni ua gani alilichora kwa hiari yake mwalimu alipogeuka. Tshibumba aliketi mbele ya kinasa sauti kwa saa nyingi. Kila mwanafunzi wa idara yetu ana simu inayonasa sauti, na wengi wao wana bibi.