Mhunzi, Mshitu na Chuo cha Same

Soma orodha ya wanafunzi wa darasa lolote wilayani Mwanga, hutakosa Mshana wala Msuya. Huenda wanakaa dawati moja na kuazimana kalamu. Koo zao ziliwahi kugombea nchi ya Ugweno, na ushindi ulikamilika pale upande mmoja uliposhika mafunzo ya vijana.

Washana walikuwa wahunzi. Waliokota mchanga mweusi wa chuma mitoni, wakauyeyusha kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe, mashoka na mikuki. Wachaga wa Kilimanjaro walinunua chuma chao huku. Aliyejua kufua jembe ndiye aliyetawala, na ujuzi huo mtu aliupata kwa kuzaliwa kwenye ukoo.

Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, aliwasikiliza wazee na mwaka 1969 akachapisha historia ya siasa za Wapare. Humo tunasoma jinsi Wasuya, wakiongozwa na Angovi, walivyowapindua Washana, pengine katika karne ya 16. Mwanawe Angovi, Mranga, ndiye aliyeijenga dola. Mafunzo ya jando, yaliyofanyika katika msitu uitwao mshitu, akayaweka chini ya utawala wake. Kijana aliingia akiwa wa ukoo fulani, akatoka akiwa Mgweno. Washana waliendelea kufua chuma, ila sasa kwa ajili ya watawala wengine.

Kisha likaja jembe la dukani kutoka Ulaya, moto wa mhunzi ukapoa. Wamisheni wa Kilutheri kutoka Leipzig walikuwa wameshapanda hadi Shighatini, na shule ikawa njia mpya ya kumtoa mtu mlimani: ukifaulu unakuwa karani au mwalimu, ukifeli unarudi shambani kwa baba.

Hao waliorudi shambani ndio Nyerere aliowafikiria. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1975 vikaanzishwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa mfano na msaada wa Sweden. Kimoja kikawa Same. Ugweno nayo ilikuwa chini ya Same wakati huo, kwani Mwanga haikuwa wilaya hadi 1979.

Utaratibu wa vyuo hivyo ulikuwa wa ajabu. Kijiji kilimchagua mtu, kikamtuma akasomee useremala, uashi, kilimo au ushonaji, kisha akarudi kukitumikia. Hakukuwa na mtihani wa taifa wala cheti cha kuombea kazi mjini. Wengi waliona hiyo ni kasoro. Kwangu ndilo lililokuwa wazo lenyewe: ujuzi urudi kwa waliomtuma. Lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa na shahada ukutani. Kijana asiye na karatasi aligonga milango ya waajiri bila kufunguliwa, na polepole vyuo vikaanza kufundisha kwa kufuata mitihani ya ufundi stadi. Baadaye vikahamishwa kutoka wizara ya maendeleo ya jamii kwenda wizara ya elimu.

Mlango mmoja haukufungwa. Kabla ya Novemba 2021, msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Vyuo vya wananchi vilimpokea. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, mama mdogo anasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na mtoto wake analelewa hapo hapo chuoni. Hata baada ya katazo kuondolewa wapo wanaochagua kuja huku, maana shule ya kawaida haina pa kumlaza mtoto.

Hebu mfikirie binti wa Kimshana katika karakana ya chuo kama hicho, amevaa miwani ya kuchomelea, anaunga nondo za dirisha. Haulizwi ukoo wake. Saa nne anavua glovu na kwenda kunyonyesha.