Chupa Chini ya Kitanda

Chini ya kitanda cha mgonjwa aliyepasuliwa pafu hukaa chupa. Ndani yake mna maji, na mpira unaotoka kati ya mbavu zake umezamishwa kama sentimita mbili ndani ya maji hayo. Akivuta pumzi, maji hupanda kidogo mpirani, akiitoa, hushuka. Nimefanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka 31, na hadi leo nikiingia wodi ya kifua huitazama chupa kwanza, ndipo nimsalimie mwenyewe.

Chupa hiyo ni ya zamani kuliko upasuaji wa kutoa pafu zima. Gotthard Bülau, daktari wa Hamburg, aliandika habari zake mwaka 1891, akiwatibu watu waliojaa usaha kifuani. Desturi ilikuwa kukata kipande cha ubavu na kuacha tundu wazi, na mara nyingi hewa iliyoingia pale ilimmaliza mtu kabla ya usaha. Maji ya Bülau yalikuwa mlango wa upande mmoja: uchafu na hewa vinatoka, hewa hairudi. Hata hivyo mwaka 1918, nimonia ilipojaza usaha vifuani mwa askari katika kambi za Marekani, wengi walipasuliwa mapema mno na kuachwa wazi, wakafa. Miongoni mwa madaktari waliopewa kazi ya kuchunguza vifo hivyo alikuwa Evarts Graham.

Ni Graham huyo ambaye tarehe 5 Aprili 1933, mjini St. Louis, alilitoa pafu lote la kushoto la James Gilmore, daktari wa akina mama wajawazito aliyekuwa na saratani. Aliondoa na mbavu kadhaa ili ukuta wa kifua ushuke na kulipunguza pengo. Gilmore alikaa hospitalini zaidi ya miezi miwili, akarudi kazini, akaishi hadi 1963. Graham mwenyewe alifariki kwa saratani ya mapafu mwaka 1957, mgonjwa wake bado yu hai.

Vitabu vya upasuaji hukaa sana kwenye kisu na nyuzi. Kwangu mimi kazi huanza usiku wa kwanza, nusu kaputi inapoisha. Ili mkono wa daktari upite, mbavu hupanuliwa kwa chuma kilichobuniwa na Enrique Finochietto wa Argentina, na chini ya kila ubavu hupita mshipa wa fahamu. Mshipa huo hubanwa na kuvutwa; kuna watu ambao huwauma miezi mingi baada ya ngozi kupona. Mguu uliovunjika waweza kuulaza juu ya mto ukatulia. Kifua hakitulii: kila pumzi inaugusa mshono. Basi mgonjwa hujitafutia ujanja wake mwenyewe, anavuta hewa kidogo kidogo na kukikata kikohozi kooni. Makohozi yanabaki chini, sehemu ya pafu inasinyaa, na baada ya siku chache nimonia imeshaingia.

Miongoni mwa waliotafuta dawa ya ujanja huo, katika miaka ya 1930, alikuwa Winifred Linton wa hospitali ya Brompton, London. Aliweka mkono wake juu ya sehemu ya kifua iliyolala, akamwambia mgonjwa ausukume kwa pumzi. Ndivyo ninavyofanya mimi, na ndivyo ninavyowafundisha vijana: kiganja kiwe na joto, kikae pale ambapo mbavu hazisogei, kisiharakishe.

Lakini mkono peke yake hautoshi, nami nililijua hilo kwa gharama ya mtu mwingine. Katika hospitali ya kwanza niliyopangiwa alikuwepo mzee mmoja, mkulima wa kahawa, aliyetolewa sehemu ya pafu lililoharibiwa na kifua kikuu. Nikamwamkia, nikamwambia leo tutakohoa.

"Mwanangu," akasema, "nikikohoa nitapasuka."

Nilisisitiza. Nilikuwa na miaka 23. Mazoezi nilifundishwa vizuri, ila sikuwa nimezoea kuuliza mgonjwa amepewa nini cha maumivu. Alikuwa amepewa panadoli mbili tangu alfajiri. Mofini ilikuwepo, kabatini, chini ya kufuli, na waliokuwa zamu waliogopa kwamba mzee ataizoea. Siku ya nne homa ilipanda. Maji chupani yalikuwa yakitikisika kwa shida. Siku ya tisa tulimfunika shuka.

Hofu ile ilikuwa na majibu tayari, tena si ya mbali. Cicely Saunders, akihudumia wagonjwa wa saratani katika hospisi ya St Joseph's huko London tangu 1958, alikuwa ameonyesha kwamba mofini itolewe kwa kufuata saa, kabla maumivu hayajarudi, badala ya kumngoja mtu alie. Mwaka 1993 Anne Merriman akaanzisha Hospice Africa mjini Kampala, na mofini ya unga ikachanganywa na maji, ikanywewa nyumbani kwa kipimo. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika. Hao walikuwa wakiwahudumia watu ambao wengi wao hawakutarajiwa kupona. Huwa najiuliza kwa nini sisi, wenye wagonjwa wa kupona, tulichelewa kuliko wao.

Siku hizi, panapokuwa na vifaa, mtaalamu wa usingizi hupitisha mpira mwembamba kama uzi mgongoni, karibu na uti wa mgongo. Njia hiyo Fidel Pagés, daktari wa jeshi la Hispania, aliieleza mwaka 1921 kwa sindano ya mara moja. Manuel Martínez Curbelo wa Havana akaacha mpira mlemle mwaka 1947, dawa iendelee kuingia.

Mama mmoja muuza samaki alikuwa na mpira huo mgongoni mwaka jana. Nilimfikia nusu saa baada ya dawa kuongezwa. Nikaikunja kanga yake mara nne, nikaiweka juu ya mshono, na viganja vyake viwili juu ya kanga.

"Haya mama, vuta. Shikilia. Kohoa."

Maji yaliruka mpirani, yakatoka mapovu matatu. Aliinama kuitazama chupa, akakaa vizuri, akaibana kanga mwenyewe, akakohoa tena kabla sijamwambia.