Unaendesha gari kutoka nje kwenda Bariadi? Kibao cha 50 kisikupite

Madereva wengi wa Kenya huingia Simiyu kwa njia ya Sirari, Tarime, Bunda, kisha Lamadi, ambapo unaacha barabara ya Mwanza na kukunja kwenda Bariadi. Wanaotoka Rwanda na Burundi hupita Kahama na Shinyanga, wakaingilia Mwigumbi na Maswa. Njia zote mbili ni lami, na hapo ndipo mtego ulipo.

Lami nzuri inakufanya ukanyage mafuta. Lakini kila kijiji kina kibao cha 50, na kikomo hicho hakiishi ukimaliza nyumba za kijiji. Kinaisha pale unapokuta kibao cha kukiondoa. Wageni wengi wanakamatwa hapo katikati, askari akiwa na tochi, yaani kile kifaa cha kupima mwendo. Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa. Usitoe hela mkononi. Omba karatasi yenye namba ya malipo, ulipe kwa simu au wakala.

Faini ndiyo hasara ndogo. Simiyu ni nchi ya wafugaji. Jioni ng'ombe wanarudi nyumbani kwa makundi, na mchungaji mara nyingi ni mtoto. Ukiona ng'ombe mmoja amevuka, jua wapo wengine nyuma yake. Punguza mwendo kabisa, simama ikibidi. Honi ndefu inawatawanya na kuwarudisha barabarani, bora usipige.

Usiku ni balaa zaidi. Baiskeli nyingi hazina taa, na mkokoteni wa ng'ombe unauona ukiwa umeshaukaribia. Msimu wa pamba kuna malori yenye shehena kubwa, mengine yameharibika na kuwekewa matawi ya miti tu barabarani. Ukiona majani kwenye lami, mbele kuna gari limekwama. Kama unaweza, fika Bariadi kabla jua halijazama.

Dereva wa Kenya au Uganda hana shida ya upande, wote tunapita kushoto. Wa Rwanda, Burundi na Kongo wamezoea kulia. Kama usukani wako uko kushoto, kulipita lori ni kubahatisha, maana huoni mbele mpaka gari liwe limeshatoka upande wake. Achia nafasi, au mwambie abiria wa mbele akuangalizie. Ukitoka sheli asubuhi ndipo mazoea hurudi, hivyo jikumbushe: kushoto.

Mpakani hakikisha una leseni, kadi ya gari, kibali cha muda cha forodha kutoka TRA na bima inayofanya kazi Tanzania, kama kadi ya njano ya COMESA. Ndani ya gari weka pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto, askari huviulizia. Mkanda ufungwe.

Ikitokea ajali, simama, msaidie majeruhi, piga 112.