Nathari ya Shujaa: Kutoka Iceland hadi Pwani ya Wamwani
Mwaka 1962 kampuni ya Marvel ya Marekani ilimgeuza Thor, mungu wa radi wa Skandinavia, kuwa shujaa wa katuni. Baadaye akaandikiwa riwaya pia. Visasili hivyo Snorri Sturluson wa Iceland alikwisha kuvieleza kwa nathari katika karne ya 13, kikiwamo kifo cha Baldr, asiyedhurika ila kwa mmea mmoja dhaifu. Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Liyongo na sindano ya shaba kitovuni. Sidai kwamba kisa kimoja kilizaa kingine. Lakini Liyongo naye alichapishwa kwa nathari na Edward Steere mwaka 1870, miaka 43 kabla ya utendi wa Muhamadi Kijumwa.

Kaskazini mwa Cabo Delgado, wakuu wa pwani wa karne ya 19 waliwaandikia Wareno barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa Maputo. Ni barua za utawala, si ngano. Ngano za Kimwani huishi vinywani mwa wazee, na tangu shambulio la Mocímboa da Praia, tarehe 5 Oktoba 2017, wengi wao wameyahama makazi yao. Mradi wowote wa katuni za watoto wa Kimwani uanze kambini, kwa kunukuu masimulizi neno kwa neno, kabla ya kumwita mchoraji.