Nyumba za Kwanza za Rabai

Msomaji, ukitoka Mombasa kuelekea bara, mara tu unapoanza kupanda vilima vya pwani, wafika Rabai. Si mji mkubwa, wala hauna ngome mfano wa ile ya Wareno kule kisiwani. Lakini hapa ndipo Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, Wajerumani waliotumwa na chama cha wamisionari cha Uingereza, walipoweka makao yao mwezi wa Agosti, 1846, kwa ridhaa ya wazee wa Kirabai. Leo pana makumbusho mahali hapo, chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Krapf alikwisha kumzika mkewe na mtoto wao mchanga katika mwaka wa 1844, muda mfupi baada ya kufika Mombasa. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka wa 1882, naye alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla. Rebmann alisafiri kutoka Rabai, akaiona theluji ya Kilimanjaro mwezi wa Mei, 1848, na mabingwa wa Ulaya ambao hawakupata kuukanyaga mguu hapa wakakataa kumsadiki! Alikaa Rabai hata mwaka wa 1875, akaondoka akiwa kipofu. Watu kama hao wastahili kukumbukwa, na ni haki nyumba zao zitunzwe.

Hata hivyo, kijiji hicho kilikuwa na wakazi wengine. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikimbilia Rabai, na mabwana wao wakaja kuwadai. Ugomvi huo ulikaribia kuleta vita. Mwishowe Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ililipa fidia, na tarehe 1 Januari, 1889, watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Je, nyumba zao zi wapi? Mtu maskini alijenga kwa miti, udongo na makuti. Mchwa na mvua zikafanya kazi yake. Jiwe hudumu, nasi kwa wepesi twadhani kwamba kilichodumu ndicho kilichokuwa na maana.

Wala Wamisionari hawakuikuta nchi tupu. Warabai walikuwa na kaya zao msituni, yaani miji ya kale yenye maboma na malango, na baadhi ya kaya za Wamijikenda, za Rabai zikiwamo, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka wa 2008. Nyumba za humo zimekwisha kuoza. Kilichobaki ni msitu, na umebaki kwa sababu wazee wamekataza kukata miti yake. Huo nao ni utunzaji, wa zamani kuliko sheria yoyote ya serikali.

Nyumba ya mawe yataka ulinzi wa namna nyingine. Kuta za kale za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hupumua. Fundi mwenye haraka azibapo nyufa kwa saruji, unyevu hufungiwa ndani na ukuta huanza kumomonyoka. Afadhali chokaa, ijapokuwa kazi yake ni ya polepole.

Basi ukizuru Rabai pamoja na wenzako, itazameni nyumba ya Rebmann kwa utulivu. Kisha mwombeni mwenyeji wenu awaonyeshe upande ziliko kaya, mkamwulize pia wale 1,400 walijenga wapi.