Redio ya Mkulima na Redio ya Askari

Gazeti lilihitaji barabara na mtu anayejua kusoma. Sinema ilihitaji gari na umeme. Redio ilihitaji sikio tu, na wahenga walikwisha kusema kwamba sikio halilali na njaa. Ndiyo maana katika nchi za Afrika Mashariki redio ilimfikia mkulima mahali ambapo vyombo vingine vya habari vilishindwa. Lakini wengi hudhani kwamba matangazo ya watu wa vijijini yalianzishwa kwa ajili ya jembe na mbegu. Historia yaonyesha vingine. Matangazo ya kwanza yaliyokusudiwa jamaa za vijijini katika nchi hizi yalitolewa kwa ajili ya askari. Jambo hilo lafaa likumbukwe na kila aliyevaa sare ya jeshi au ya polisi, hasa yule anayelinda amani huko Arua na Koboko.

Katika nchi za ng'ambo mambo yalianza kwa njia nyingine. Huko Marekani kituo cha KDKA cha mji wa Pittsburgh kilianza kutangaza mwaka 1920, na kabla ya mwaka 1921 kumalizika kilikuwa kikisoma bei za mazao. Sababu yake ilikuwa wazi: mkulima asiyejua bei ya sokoni huwa mikononi mwa mnunuzi. Uingereza nayo, ikiwa bado katika shida ya chakula baada ya vita, ilianza kutangaza kwa nchi nzima mchezo wa redio uitwao The Archers tarehe 1 Januari, 1951. Ulikuwa mchezo wa maisha ya jamaa moja ya shambani, na ndani yake mliwekwa mafunzo ya ukulima, ili mkulima afundishwe huku akiburudika.

Katika makoloni haikuwa hivyo. Kituo cha Nairobi kilichoanza mwaka 1928 kilitangaza kwa Kiingereza na kiliwahudumia walowezi. Mwaka 1936 serikali ya Uingereza iliunda kamati chini ya Earl of Plymouth kuchunguza utangazaji katika makoloni, nayo ikashauri redio itumike katika kuelimisha watu juu ya afya na kilimo. Ushauri huo ulikuwa mwema, lakini mkulima Mwafrika aliendelea kungoja.

Kilichobadili hali hiyo ni Vita Kuu ya Pili. Vijana wa Afrika Mashariki waliandikwa kwa maelfu katika jeshi la King's African Rifles. Miongoni mwao walikuwamo Walugbara, Wakakwa, Waalur na Wamadi wa West Nile. Majeshi ya Afrika Mashariki yalipigana Abisinia mwaka 1941, yakaingia Madagascar mwaka 1942, kisha yakapelekwa Burma, nchi ambayo wazazi wao hawakupata kuisikia hata jina. Nyuma yao walibaki mama, wake na watoto wasiojua kama mtu wao yu hai au amekufa. Serikali ya kikoloni ilitambua kwamba mzazi asiyepewa habari hujitungia habari zake, na kwamba uvumi ukienea kijijini huwadhoofisha hata walio vitani. Ndipo huko Nairobi yakaanzishwa matangazo ya Kiswahili na ya lugha nyingine za wenyeji, ili jamaa za askari zipate kujua mambo ya vita. Askari wenyewe walipata gazeti lao la Kiswahili, lililoitwa Askari.

Yafaa maana ya jambo hilo ifikiriwe. Serikali haikuanza kusema na mkulima kwa kuwa ilijali shamba lake. Ilianza kwa kuwa mtoto wake alikuwa ameshika bunduki. Hivyo tangu mwanzo redio ya mkulima na redio ya askari zilikuwa redio moja.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari walirudi makwao. Walirudi na Kiswahili cha kambini, na hamu ya kujua yanayotokea duniani. Vituo vikaanza kuongezeka. Mombasa ilipata Sauti ya Mvita mwaka 1947. Mwaka 1951 zikaanza Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja. Lakini shida kubwa ilikuwa chombo chenyewe. Redio za wakati ule zilikuwa nzito, zilitaka umeme, na bei yake ilimshinda mtu wa kawaida. Jibu la kwanza lilipatikana huko Lusaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Mkuu wa Idara ya Habari huko, Harry Franklin, alikishawishi kiwanda cha betri cha Ever Ready kutengeneza redio ndogo ya betri kwa ajili ya Waafrika. Ilitoka mwaka 1949, ikauzwa kwa paundi 5, na betri yake iliweza kutumika takriban saa 300. Kwa kuwa umbo lake lilifanana na sufuria, watu waliiita redio ya sufuria. Muda si mrefu chombo hicho kilionyesha kwamba mtu wa kijijini yu tayari kutoa fedha zake apate habari, ikiwa habari hizo zatolewa katika lugha anayoielewa.

Uganda ilipata idhaa yake, Uganda Broadcasting Service, mwaka 1954. Wakati huo nchi ilikuwa katika msukosuko mkubwa, kwa kuwa Kabaka Mutesa wa Pili alikuwa amehamishiwa Uingereza mwezi wa Novemba, 1953, na serikali ya kikoloni ilitaka sauti yake isikike kuliko sauti ya uvumi. Kwa mara ya pili mahitaji ya utawala yakatangulia, na mkulima akapewa nafasi ndani ya chombo kilichoundwa kwa shughuli nyingine. Idhaa hiyo, ambayo baada ya Uhuru wa mwaka 1962 ilijulikana kama Radio Uganda, iliongeza lugha moja baada ya nyingine, hata zikapita 15. Kilugbara kikawa miongoni mwa lugha hizo.

Jambo la lugha lilikuwa kubwa huko West Nile. Arua ni mbali na Kampala, na kwa miaka mingi safari yake ilikuwa ya kuvuka Mto Naili kwa kivuko. Isitoshe, Mlugbara wa Arua na Mkakwa wa Koboko, ingawa ni majirani, lugha zao hazina uhusiano wa karibu hata kidogo. Kilichowaunganisha sokoni na kambini kilikuwa Kiswahili, kile kile kilichorudi na askari. Idhaa iliyosema Kiingereza na Kiganda peke yake ingekuwa kama mtu apigaye kelele ng'ambo ya mto.

Wakulima wa huko walikuwa na mengi ya kutaka kujua. Walikuwa na pamba na tumbaku, mazao ya fedha yaliyoletwa wakati wa ukoloni, na walikuwa na muhogo, ulezi, ufuta na karanga kwa chakula. Pamba ikichelewa kupandwa haizai vizuri, na tumbaku ikikaushwa vibaya hushushwa daraja sokoni. Bwana shamba mmoja hakuweza kufika katika kila kijiji kabla ya mvua, lakini sauti yake katika redio iliweza kufika kwa jioni moja. Redio ndogo za transista zilipoanza kuenea katika miaka ya 1960, vijana waliotoka kufanya kazi katika mashamba ya miwa ya Kakira na Lugazi, na askari waliokuja likizo, walikuja nazo nyumbani. Redio iliwekwa uani, na majirani wakaja kusikiliza.

Hata hivyo redio ya wakati huo ilikuwa na kasoro: ilisema, lakini haikusikiliza. Mwaka 1975 mtangazaji wa kilimo kutoka Kanada, George Atkins, alikuwa safarini nchini Zambia pamoja na watangazaji wa nchi mbalimbali zinazoendelea. Alimwuliza mwenzake kutoka Sierra Leone anatangaza nini juu ya kilimo. Akajibiwa kwamba kipindi chake kilihusu utunzaji wa plagi za trekta. Alipouliza ni wakulima wangapi wenye matrekta, ikadhihirika kwamba karibu wote walilima kwa mkono. Atkins aliporudi kwao alianzisha, mwaka 1979, mpango wa kuwapelekea watangazaji wa nchi maskini habari zinazomfaa mwenye jembe. Kasoro ya plagi haikuwa ya Sierra Leone peke yake. Kila idhaa inayoandika kipindi cha mkulima bila kumwuliza mkulima itatangaza plagi kwa watu wasio na matrekta.

Palikuwa na njia bora. Wakulima wa Kanada walianza mwaka 1941 kukutana katika makundi, wakisikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakatenda. India ilijaribu njia hiyo mwaka 1956 huko Poona, na Ghana ikaifuata mwaka 1964. Karibu zaidi na Uganda, Tanzania iliendesha mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walisikiliza redio katika makundi yenye viongozi na vitabu, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Redio ilitoa neno, na watu wakatoa mikono.

Katika miaka hiyo hiyo redio ya Uganda ilikuwa na kazi nyingine. Tarehe 25 Januari, 1971, askari waliishika idhaa, na sababu 18 za kuiangusha serikali zikasomwa hewani. Tangu siku ile mkulima alijifunza kufungua redio asubuhi ili ajue nani anatawala kabla ya kuuliza habari za mvua. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na lugha ya askari ikapata heshima. Lakini heshima ya lugha hutegemea ukweli unaosemwa ndani yake. Maduka yalipokuwa hayana chumvi, sabuni wala mawe ya redio, hapakuwa na tangazo la kumshibisha mtu.

Kisha yakaja mabaya zaidi. Serikali ya Idi Amin, aliyekuwa Mkakwa wa asili ya Koboko, ilianguka mwezi wa Aprili, 1979. Mapigano yalipozuka West Nile mwezi wa Oktoba, 1980, raia waliadhibiwa kwa makosa ya wengine. Tarehe 24 Juni, 1981, watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari wa jeshi la wakati huo, UNLA, ambao kazi yao ilikuwa kuwalinda. Watu kwa makumi ya maelfu walivuka mpaka kuingia Sudan na Zaire, wakaacha muhogo ardhini na ghala wazi. Ni dhahiri kwamba hakuna kipindi cha kilimo kiwezacho kumfaa mtu aliyelala porini nchi ya ugenini. Redio iliyoanza kwa kuwapa wazazi habari za watoto wao vitani ilikuwa sasa ikisikilizwa na wakimbizi waliotaka kujua kama wanaweza kurudi nyumbani bila kuuawa.

Walirudi polepole, na redio nayo ikabadilika. Tangu mwaka 1993 serikali iliruhusu vituo vya watu binafsi. Mwaka 2004 Dayosisi Katoliki ya Arua ilianzisha Radio Pacis, ambayo mwaka 2007 ilipewa tuzo ya BBC ya vituo vipya vya Afrika. Koboko ikawa wilaya mwaka 2005. Simu ya mkononi ilipofika vijijini, mkulima aliweza kupiga simu kituoni, akauliza juu ya muhogo wake ulioshikwa na ugonjwa, na akajibiwa kwa lugha yake. Lile lililokosekana tangu mwaka 1954, yaani sikio la redio, likaanza kupatikana. Na watu waliopata kuwa wakimbizi wakawa wenyeji wa wakimbizi: Lobule, wilayani Koboko, ikapokea watu wa Kongo, na West Nile yote ikapokea watu wa Sudan Kusini.

Ndugu wasikilizaji, historia hii ina somo kwa mwenye kulinda usalama. Askari huwekwa kulinda mitambo ya redio kwa kuwa ni mali ya taifa. Lakini mtambo ukilindwa na mkulima asilindwe, mtambo huo utasema na mashamba matupu. Polisi anayehakikisha kwamba mama afika sokoni Koboko na kurudi na fedha zake amefanya kazi ambayo hotuba kumi za kilimo haziwezi kuifanya. Mwanajeshi anayetoa habari za kweli juu ya hali ya barabara amemsaidia mkulima kupanga mavuno yake. Na redio iliyo uani kwa mwananchi si ngawira. Aichukuaye amewaziba masikio watu wa nyumba ile, na kesho atakapotaka wasikie onyo la hatari, hawatasikia.

Hapo zamani mzazi wa Arua alisikiliza ajue kama mtoto wake yu hai huko Burma. Mzazi wa leo bado husikiliza, na mtoto wake bado yumo katika sare. Mzazi huyo ana haki ya kusikia ukweli, kulima kwa amani, na kutomwogopa mtoto wa mzazi mwenziwe akimwona anakuja na bunduki.