Wanawake 779 wa Seattle na Kipimo cha Malengelenge

Kwa miaka mingi, malengelenge ya sehemu za siri yalitambuliwa kwa macho. Daktari wa kliniki ya magonjwa ya zinaa akiona kidonda, alichukua majimaji kwa pamba akayapeleka maabara. Asiyekuwa na kidonda alirudi nyumbani akiamini yu salama.

Damu nayo haikusaidia sana. Mwaka 1962 Karl Schneweis wa Ujerumani alionyesha kwamba virusi vya herpesi, vinavyoleta malengelenge hayo, ni vya aina mbili. Ya kwanza huleta vidonda vya homa mdomoni, na wengi huipata utotoni. Ya pili ndiyo hasa ya sehemu za siri. Aina hizo hufanana kama ndugu wa tumbo moja, hivyo vipimo vya zamani vilizichanganya. Njia ilifunguka miaka ya 1980, ilipogundulika kwamba glikoprotini G, protini ya ganda la virusi, inatofautiana kati ya aina hizo.

Huko Seattle, Marekani, Rhoda Ashley na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walitengeneza kipimo makini. Protini za virusi hutenganishwa na kuhamishiwa kwenye utepe mwembamba, kisha utepe hulowekwa katika majimaji ya damu ya mgonjwa. Kingamwili zinaponasa, mistari hujitokeza, na mtaalamu husoma ni aina ipi.

Mwaka 1992 Laura Koutsky na wenzake walichapisha majibu ya kipimo hicho kwa wanawake 779 waliofika kliniki ya magonjwa ya zinaa mjini humo. Karibu nusu yao walikuwa na maambukizi. Zaidi ya nusu ya hao walioambukizwa hawakuwa na kidonda, wala hawakukumbuka kuwahi kuwa nacho. Damu peke yake ndiyo iliyowatambulisha. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote: wagonjwa waliokuwa wakitambuliwa kwa macho walikuwa wachache tu.

Vipimo vya bei nafuu vilipoingia sokoni, tatizo likageuka. Huko Rakai, Uganda, watafiti walikuta baadhi ya vipimo hivyo vikionyesha maambukizi kwa watu wasiokuwa nayo, hasa majibu yalipokuwa hafifu. Mtu anayepewa jibu kama hilo anaweza kuvunja ndoa yake kwa kosa la maabara. Ndiyo maana jibu hafifu lafaa kuthibitishwa kwa kipimo cha pili kabla mgonjwa hajaambiwa lolote. Mwaka 2016 jopo la kitaifa la huduma za kinga nchini Marekani lilishauri wasio na dalili wasipimwe kwa jumla, na mwaka 2023 likarudia ushauri huohuo.